KUITWA SI KUSHAURIWA: WAVUVI WADOGO NA SHERIA ZA UVUVI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa idara ya njia mbele ya mkutano wa tawi, Mombasa)



Najua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nitajaribu kusema kwa maneno machache na yaliyo wazi.

Habari niliyo nayo leo si ya mishahara, wala si ya nyumba, wala si ya saa za ziada. Ni habari ya wavuvi wadogo wadogo: watu wa mtumbwi na dau, watu wa mshipi, wavu na malema, pamoja na akina mama wanaoanika omena kule ziwani na mama karanga wanaokaanga samaki huku pwani. Nataka kuonyesha kwamba sheria ya uvuvi haiwezi kuwa ya haki ikiwa watu hawa hawakushauriwa kabla haijatungwa. Tena nataka kuonyesha kwamba mtu kuitwa mkutanoni si sawa na kushauriwa.

Huenda mmoja wenu akauliza: Chama cha wafanyakazi wa reli kina shauri gani na wavuvi? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

YATUHUSU KWA NINI

Jibu la kwanza ni kwamba watu hawa ni ndugu zetu. Katika gengi la njia hapa pwani hukosi mtu ambaye baba yake au kaka yake ni mvuvi, na katika karakana hukosi mtu wa kutoka ziwani. Mshahara ukichelewa, samaki wa nyumbani ndio wanaolisha watoto. Bahari ikichafuka wakati wa kusi, mshahara wetu ndio unaotumwa nyumbani. Mfuko ni mmoja, ingawa mikono inayotia ndani yake ni mbalimbali.

Jibu la pili ni kwamba reli yenyewe imo katika habari hii. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1905, nyavu za kitani kutoka ng'ambo zilianza kutumiwa katika ziwa lile. Hapo kwanza watu walivua kwa mitego, vikapu na ndoana, na samaki wengi waliliwa karibu na pale walipovuliwa. Baada ya reli kufika, samaki wakapata soko la mbali, na kila aliyeweza kununua wavu akanunua. Haukupita muda mrefu samaki wakaanza kupungua. Mwaka 1927 hadi 1928 mtaalamu mmoja kutoka Uingereza, Michael Graham, alilipima ziwa na kushauri kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Basi toka siku zile mvuvi wa ziwa amekuwa akiishi chini ya kanuni za tundu la wavu, na kanuni hizo zilifuata nyuma ya reli.

Jibu la tatu ndilo kubwa. Sisi tuna mwajiri. Tukidhulumiwa twajua mlango wa kubisha, na tukiandika barua twajua jina la kuandika juu ya bahasha. Mvuvi mdogo amwandikie nani? Bahari haina ofisi. Mapato yake hayaamuliwi na mapatano ya mishahara. Yaamuliwa na samaki walioko, na bei ya tajiri wa samaki pale dikoni, na kanuni: tundu la wavu liwe kadiri gani, miezi gani uvuvi ufungwe, mahali gani pasivuliwe, leseni ilipiwe kiasi gani, na meli kubwa zikae umbali gani. Samaki hawawezi kuitwa kwenye majadiliano. Zimebaki kanuni. Hizo ndizo mkataba wa kazi wa mvuvi. Kanuni zikitungwa bila yeye, ni sawasawa na sisi kuletewa mkataba uliokwisha kutiwa sahihi na watu wengine.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Januari mwaka 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu wa Mombasa, wa reli, wa bandari na wa kazi nyingine, waliweka zana chini kwa siku 12. Walitaka mishahara, hilo ni kweli. Lakini lililowauma zaidi ni kwamba watu wengine walikuwa wakikaa na kupima mfanyakazi ale kiasi gani na alale wapi, na yeye haulizwi. Ndipo likawekwa baraza chini ya Jaji Thacker kusikiliza habari za maisha ya wafanyakazi. Kusikilizwa kule kulikuja baada ya mgomo, si kabla. Mvuvi naye leo aweza kugoma, lakini mgomo wake hausimamishi gari la moshi wala meli. Akigoma, anayelala njaa ni mtoto wake.

MAMBO YALIYOAMULIWA MBALI NA WAVUVI

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa samaki mbuta. Samaki huyu hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wataalamu wengine walionya kwamba jambo hilo lina hatari. Wavuvi wenyewe hawakuwa na kiti katika shauri lile. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta alikuwa amelijaza ziwa. Aina nyingi za samaki wadogo waitwao fulu zilipotea, nyingine zisionekane tena. Sisemi kwamba mbuta hakuleta faida. Alileta viwanda vya minofu, alileta fedha za ng'ambo, na watu wengi walipata kazi. Lakini tazameni jinsi faida ilivyogawanywa. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya, na mama wa kando ya ziwa, ambaye zamani alinunua samaki mzima akamsafisha na kumuuza, sasa akangoja mlangoni mwa kiwanda anunue mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kutolewa. Huyo mama angeulizwa, angetaka kujua tangu mwanzo: samaki huyu mkubwa atavuliwa na nani, na atauzwa na nani? Ni swali dogo tu, lakini wataalamu wa samaki hawakuwa na sababu ya kuliuliza, maana chakula chao hakikutoka pale.

Mfano wa pili ni wa Lamu. Serikali iliamua kujenga bandari kubwa katika ghuba ya Manda. Bandari ni kitu chema, na sisi watu wa reli hatuwezi kusema vinginevyo. Lakini ghuba ile ndiyo shamba la wavuvi wa mashua ndogo, wasio na chombo cha kwenda bahari kuu. Mchanga ulichimbwa, maji yakachafuka, mikoko ikakatwa, na njia za vyombo vyao zikazibwa. Wenyeji walipeleka shauri mahakamani mwaka 2012. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitolewa tarehe 30 Aprili 2018, miaka sita baadaye. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, wala hawakupewa habari za kutosha, na kwamba haki zao za mazingira safi na za utamaduni, ukiwamo uvuvi wa jadi, zilivunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Ndugu zangu, hesabu hiyo ni kubwa ukiisikia kwa pamoja. Igawanyeni kwa vichwa: ni kama shilingi 382,000 kwa mtu, tena mara moja tu, kwa kazi ambayo baba alimwachia mtoto na mtoto alitazamia kumwachia mjukuu. Tena hukumu si fedha mkononi. Ilifuata rufani, yakafuata majadiliano, na gati la kwanza la bandari lilipofunguliwa Mei 2021 wavuvi walikuwa bado wanangoja.

Siwalaumu waliokwenda mahakamani. Walifanya lililowapasa, na hukumu ile imewasaidia watu wengi mahali pengine kudai haki zao. Lakini yafaa tuone kosa lilianza wapi. Lilianza siku ile ramani ilipochorwa na hakuna aliyewauliza wavuvi: mnapita wapi na vyombo vyenu? Samaki huzaa wapi? Mkiondolewa hapa, mtavua wapi, na kwa chombo gani? Maswali hayo yangechukua majuma machache. Kesi imechukua miaka.

MAHALI AMBAPO SAUTI YAO ILISIKIWA

Sasa mtu asiseme kwamba mimi nimekuja na malalamiko matupu. Pako mahali ambapo mambo yalikwenda vizuri zaidi.

Tazameni Ghuba ya Ungwana, huko kaskazini mwa Malindi, ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga maji na kamba ni wengi. Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilivua kamba huko. Sheria ya zamani ilizitaka zikae mbali, maili 5 za baharini kutoka ufuoni, lakini zilikuja karibu, maana kamba wako karibu. Zilipopita ziliburuta nyavu za wavuvi wadogo, na samaki wasiotakiwa walitupwa baharini wakiwa wamekufa, hali watu wa ufuoni walikuwa wakiwatafuta samaki hao hao kwa mitumbwi. Wavuvi walipiga kelele mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2006 meli hizo zilisimamishwa. Ndipo ukaandaliwa mpango maalum wa uvuvi wa kamba, ukatolewa mwaka 2010: meli zikirudi, zikae nje ya maili 3, zivue mchana tu, na pawe na miezi ya kufunga.

Sikilizeni vizuri hapo. Maili 5 zikawa 3. Wavuvi wadogo hawakupata yote waliyoyataka. Lakini kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya majadiliano aijua hali hiyo: waingia na madai 10, watoka na 6. Tofauti ni kwamba unayajua yale 6, unajua uliyaacha yale 4 kwa sababu gani, na unaweza kusimama mbele ya wenzako ukaeleza. Maili 3 zinazolindwa kweli ni bora kuliko maili 5 za kwenye karatasi.

Mfano mwingine ni Kuruwitu, katika wilaya ya zamani ya Kilifi, ambayo leo ni kaunti. Wazee na wavuvi wa hapo waliona samaki wamekwisha na matumbawe yamekufa. Wakaketi, wakabishana, na mwaka 2005 wakakubaliana kufunga wenyewe sehemu ya bahari yao, kiasi cha hekta 30, asivue mtu yeyote humo. Hakuna askari aliyewalazimisha. Samaki walirudi, wakazidi hata wakatoka nje ya mpaka na kuingia katika maji yanayovuliwa. Mwaka 2017 kijiji hicho kilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize.

Nawaambia habari hii kwa sababu ya neno moja linalosemwa mara kwa mara maofisini. Husemwa hivi: "Ukimwuliza mvuvi, atakataa kila kanuni. Yeye ataka kuvua tu." Wapo wavuvi wa namna hiyo, kama walivyo wafanyakazi wanaotaka mshahara bila kazi. Lakini watu wa Kuruwitu walijiwekea sheria kali kuliko ile ya serikali. Waliweza kwa sababu walikuwa wanajua faida itamrudia nani. Mtu akijua kwamba samaki nitakayemwacha leo ni wangu kesho, atamwacha. Akijua kwamba nikimwacha atachukuliwa na meli kubwa, hawezi kumwacha, hata ungeweka askari kila mwamba.

Kwa upande wa pili, tazameni juya la kukokota. Lilipigwa marufuku mwaka 2001, na sababu ya marufuku ni ya kweli: juya huzoa samaki wachanga na kuharibu nyasi za baharini. Lakini miaka mingi baada ya marufuku majuya yaliendelea kuvutwa. Kwa nini? Kwa sababu juya moja huvutwa na watu wengi, na wengi wao ni vijana wasio na mtumbwi, wasio na wavu, wasio na shamba. Marufuku iliwaambia waache. Haikuwaambia waende wapi. Laiti swali hilo lingewekwa mbele na vijana wenyewe wakalijibu, kanuni ingekuwa na miguu miwili. Sasa ina mmoja.

HAKI ZILIZOKO TAYARI

Mtu asidhani kwamba tunaomba hisani. Haki hii imekwisha andikwa.

Katiba ya mwaka 2010 yataja kushirikishwa kwa wananchi kuwa ni miongoni mwa misingi ya utawala, na yaagiza Serikali iwashirikishe wananchi katika kuyatunza mazingira. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka vyama vya kusimamia fuo, vile ambavyo kila mvuvi huviita BMU, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 imevitambua. Uvuvi pia ni kazi ya serikali za kaunti, kwa hiyo shauri laweza kupelekwa karibu, si lazima Nairobi. Na mwezi wa Juni 2014, huko Roma, halmashauri ya uvuvi ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, ilipitisha mwongozo wa kuwalinda wavuvi wadogo. Mwongozo huo wasema kwamba wavuvi hao, wanawake kwa wanaume, washirikishwe kabla ya maamuzi kukatwa. Mwongozo ni wa hiari, haumfungi mtu, lakini ni silaha nzuri mkononi mwa anayejua kuusoma.

Basi kama haki imeandikwa, taabu iko wapi? Taabu iko mahali pawili.

Kwanza, ndani ya madiko yenyewe. Wavuvi si kundi moja. Kuna mwenye mashua na wavu, na kuna baharia asiye na kitu ila mikono yake. Katika ugawaji wa mapato, chombo hutolewa fungu lake, wavu au mashine hutolewa fungu lake, kisha mabaharia hugawana lililobaki. Mwenye chombo aweza kulala nyumbani na bado akapata kuliko aliyekesha majini. Hebu fikirini kanuni ya kufunga uvuvi wa omena upande wa Kenya toka tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, kanuni ambayo imejulikana kwa miaka mingi. Kusudi lake ni samaki wapate kuzaa. Mwenye mashua ana duka au ana ng'ombe, aweza kungoja miezi 4. Baharia wake hawezi. Mama anayeanika omena hawezi. Na wote wanaona kwamba upande wa Kenya ni kama sehemu 6 tu kwa 100 za ziwa. Nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Kwa hiyo huuliza: sisi tukifunga, na jirani je? Hilo si swali la ukaidi. Ni swali ambalo umoja wa nchi 3 za ziwa, uliowekwa kwa mkataba wa mwaka 1994, uliundwa ili ulijibu.

Mwongozo wa ziwa kuhusu vyama vya fuo uliliona jambo hili la matabaka. Uliagiza kwamba katika halmashauri ya ufuo sehemu 30 kwa 100 za viti ziwe za wenye mashua, na sehemu 30 kwa 100 ziwe za mabaharia, na wanawake wasipungue 3. Hilo ni agizo zuri. Lakini baharia aliyeajiriwa na mwenye mashua, akiketi naye katika halmashauri moja, atainua mkono kumpinga? Ninyi mnajua jibu. Ndiyo sababu sisi twakataa msimamizi asiketi katika kamati ya wafanyakazi. Mabaharia na akina mama wapate nafasi ya kukutana peke yao kwanza, ndipo waje mkutano mkuu na neno moja.

Pili, taabu iko katika namna ya kuwashauri. Mara nyingi huwa hivi: barua hufika siku mbili kabla. Mkutano huwekwa hotelini mjini, saa ambazo wavuvi wako majini au wanauza. Karatasi ni ya kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili. Wachache hufika, hupewa soda na nauli, huandika majina yao katika daftari. Baadaye daftari lile huonyeshwa: "Wananchi walishirikishwa, sahihi zao hizi hapa." Kumbe sahihi ile ilikuwa ya nauli.

ALAMA NNE ZA KUSHAURIWA

Kwa hiyo naona yafaa tuwe na kipimo, kama vile sisi wa njia tulivyo na geji ya kupimia reli. Hatusemi njia ni nzuri kwa kuitazama tu. Twaipima. Mimi naona alama nne.

Ya kwanza ni wakati. Mtu aulizwe wakati neno lake laweza bado kubadili jambo. Ukimwuliza baada ya mkataba kutiwa sahihi, umemwarifu tu, hukumshauri.

Ya pili ni lugha. Karatasi iwe kwa Kiswahili, na pale ziwani kwa Kijaluo pia, na isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Petro na Andrea walikuwa wavuvi, na hatusikii kwamba walisoma chuo. Lakini waliambiwa jambo kwa maneno waliyoyaelewa, ndipo wakaacha nyavu zao.

Ya tatu ni mjumbe. Wavuvi wamchague wenyewe mtu wa kuwasemea, kwa kura, nao wawe na uwezo wa kumwondoa. Asichaguliwe na ofisi kwa sababu ni mtu mpole.

Ya nne ni jibu. Maoni yakitolewa, serikali irudi dikoni na kusema: hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hii. Hiyo ndiyo alama inayokosekana mara nyingi kuliko zote. Mvuvi hutoa maoni, kisha husikia habari tena siku askari wanapokuja kuchoma nyavu.

Alama hizi zote nne zikiwapo, hata kanuni ngumu itachukulika. Ikikosekana moja, na wavuvi wana haki ya kusema kazi irudiwe.

MAOMBI YANGU KWA TAWI

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuomba hata senti moja kutoka katika mfuko wa chama. Naomba kazi za namna tatu.

Kwanza, tunao makarani na vijana waliosoma. Rasimu ya kanuni ya uvuvi, ya taifa au ya kaunti, inapotangazwa kwa maoni, wawili watatu waende madikoni jioni, waisome kwa Kiswahili, na wawasaidie wavuvi kuandika maoni yao na kuyapeleka kabla ya siku ya mwisho. Wasiwaandikie maoni yao wenyewe. Waandike ya wavuvi, hata wakiona si mazuri.

Pili, sisi tunaona vigingi vikipigwa kabla ya watu wengine. Njia mpya, gati, bohari, ua wa makontena: mfanyakazi wa reli na wa bandari ndiye wa kwanza kujua. Mjumbe wetu akikutana na wakubwa kuhusu kazi yoyote inayogusa ufuo, aulize swali hili na jibu liandikwe katika kumbukumbu: wavuvi wa hapo wameshauriwa lini, na walijibu nini? Kuuliza hakuvunji mkataba wetu wowote.

Tatu, tuwaalike mabaharia na mama karanga wa madiko ya karibu waje mkutanoni, si kutusikiliza tu, bali watueleze. Sisi tuna miaka mingi ya kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu, kupiga kura na kumwondoa mwenyekiti asiyefaa. Hayo twaweza kuwaonyesha. Wao nao watatuambia mambo ya bahari ambayo sisi tunayala tu bila kuyajua.

Najua wengine watasema kwamba shida zetu wenyewe hazijakwisha. Ni kweli, hazijakwisha. Lakini ikiwa yatakubalika kwamba mtu aweza kupangiwa kazi yake, mapato yake na mahali pake pa kuishi kwa daftari la mahudhurio, basi desturi hiyo haitakaa dikoni tu. Itapanda ngazi hadi karakana.

Kwa hayo naomba mkutano huu upokee maombi haya matatu na kuyapigia kura leo, na Mwandishi aandikie vyama vya fuo vilivyo karibu nasi kabla ya mkutano ujao. Mwenye swali, niko tayari.